Nachingwea Kati ya Amri na Utani

Mtu akifariki katika vijiji vya Kilimarondo, wafiwa wana mengi ya kuhangaikia, lakini swali la nani atachimba kaburi si mojawapo. Watani wanajulikana. Jua halijapanda sana wamekwisha kufika na majembe, na kelele zao husikika kabla wao wenyewe hawajaonekana. Mmoja atavaa kofia ya marehemu na kutembea kama alivyokuwa akitembea, akichechemea pale alipochechemea. Mwingine atashuka kwenye shimo lililofika kiunoni, alale chali, agome kutoka mpaka wafiwa watoe chochote. Kuku wa nyumba ya msiba atakamatwa mchana kweupe na hakuna wa kumwita mkamataji mwizi. Mgeni asiyejua mila atadhani msiba umevamiwa na walevi. Wenyeji wanajua kuwa hao wanaodhihaki ndio watakaobeba jeneza, na kwamba kabla ya magharibi kaburi litakuwa limefukiwa na kusawazishwa.

Kilimarondo iko upande wa magharibi wa Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, njia za kuelekea Liwale na Tunduru. Ni nchi ya miombo, ufuta na mikorosho, ambamo Wangindo, Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde wamechanganyika kwa sababu ambazo nyingi hazikuwa hiari yao. Ruangwa ni wilaya jirani, na kwa muda mrefu historia ya pande hizi mbili ilikuwa moja. Katika miaka mia moja na kidogo, watu wa huku wameamriwa kulima, kubeba mizigo, kuhama, kuhama tena na kuishi mahali walipopangiwa. Kwa nini mara nyingine walitii na mara nyingine wakakataa? Na kwa nini msaada, ambao hakuna serikali iliyowahi kuuamuru ukafaulu, umeendelea kupatikana?

Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyowashughulisha wanasaikolojia wa Marekani katika miaka ya 1960. Mwaka 1964 jijini New York mwanamke aitwaye Kitty Genovese aliuawa usiku karibu na nyumbani kwake, na gazeti moja likaandika kwamba watu 38 walishuhudia bila kunyanyua mkono. Hesabu hiyo baadaye ilionekana imetiwa chumvi, lakini ilikuwa imekwisha kuwaamsha watafiti wawili, John Darley na Bibb Latané. Waliwaweka wanafunzi kila mmoja kwenye chumba chake, wakawaunganisha kwa vipaza sauti, kisha mmoja wa wazungumzaji akasikika akishikwa na kifafa na kuomba msaada. Aliyeamini kwamba ni yeye peke yake anayesikia alitoka kusaidia kabla sauti haijakatika katika matukio 85 kati ya 100. Aliyeamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pamoja naye alifanya hivyo katika matukio 31 tu. Waliobaki vitini hawakuwa na roho mbaya. Wengi walikutwa wakitetemeka mikono. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake.

Hapo ndipo utani unapostahili kutazamwa upya. Umati wa msiba ni mkubwa kuliko kundi lolote la Darley na Latané, na kwa hesabu zao ungetazamiwa kuzembea. Hauzembei, kwa kuwa wajibu haujaachwa hewani ili aokote atakaye. Una mwenyewe, anajulikana kwa kabila au kwa ukoo, na akikwepa atachekwa mpaka wajukuu zake. Dhihaka na kuku ni ujira wake, na pia ni kinga: mtu aliye huru kukutukana mbele ya maiti wako hawezi kusingizia kwamba hakuitwa.

Asili ya utani ilimvutia mtu ambaye hakuajiriwa kuchunguza watu. Reginald Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na mwaka 1941 alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika, akaendelea nayo mwaka 1944. Maelezo aliyopewa mara kwa mara yalikuwa kwamba makabila yaliyo watani leo yalipigana zamani. Kwa kusini hilo halikuhitaji ushahidi mwingi. Wangoni waliingia nchi hii katika karne ya 19 wakiwa na mikuki, na wajukuu wa waliovamia na waliovamiwa wakaishia kuzikana. Misafara ya biashara nayo ilieneza mpango huo: mpagazi aliyeugua mbali na kwao alikuwa na mahali pa kubisha hodi. Hata Dar es Salaam ya miaka ya 1950, J.A.K. Leslie alipochunguza maisha ya mji huo, utani ulikuwa bado unamsitiri mgeni aliyefia mjini bila ndugu.

Lakini tusiipambe nchi ya zamani kupita kiasi. Kabla ya Wajerumani, maeneo ya Nachingwea na Ruangwa hayakuwa na wafalme. Yalikuwa na wakubwa, watu waliokusanya wafuasi kwa biashara ya pembe, nta, mpira na watumwa, kwa kuoa sana, na kwa kuwapokea wakimbizi wa njaa na vita. Mwanahistoria Felicitas Becker, aliyefanya utafiti wake huku kusini, ameonyesha jinsi madaraka ya wakubwa hao yalivyotegemea watu kubaki nao. Mtu aliweza kuwekwa rehani kwa deni la mjomba wake, na mtoto wa kike angeweza kubadilishwa kwa chakula wakati wa njaa. Hata hivyo mkubwa aliyezidisha ukali aliamka siku moja na kukuta nyumba tupu na majivu ya jana. Ardhi ilikuwa tele. Kukataa amri hakukuhitaji hotuba wala bunduki, kulihitaji miguu.

Mjerumani alifunga mlango huo. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897 na kuanza kukusanywa mwaka uliofuata, rupia tatu kwa nyumba ya shamba, na asiye na rupia alitoa kazi. Kati ya boma la Lindi na mwanakijiji akawekwa akida, mara nyingi mtu wa pwani asiye na ukoo wala mtani katika nchi aliyotumwa, na chini ya akida akawekwa jumbe. Kosa dogo lililipwa kwa hamsa ishirini, viboko 25 mbele za watu. Kuanzia 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, upande wa pwani na Umatumbini yakaanzishwa mashamba ya pamba ya pamoja, ambako wanaume walitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka kwa malipo ambayo wengine waliyakataa kwa jinsi yalivyokuwa madogo. Bara, nyuma ya Lindi, machungu yalitokana zaidi na kodi, barabara na maakida wenyewe.

Mpango huo wa ngazi ngazi ulikuwa na nguvu ambayo Stanley Milgram aliipima miaka 60 baadaye katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1961 alitangaza kwamba anatafuta watu wa kushiriki jaribio la kumbukumbu. Mshiriki alikaa mbele ya mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450, akaambiwa ampige shoti mwanafunzi wa chumba cha pili kila anapokosea jibu, akipanda swichi moja kila mara. Umeme haukuwepo na mwanafunzi alikuwa anaigiza, ila mshiriki hakujua. Alisikia ukuta ukigongwa, kisha kimya. Kila aliposita, msimamizi aliyevaa koti la kijivu alimwambia kwa utulivu aendelee. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine.

Takwimu hiyo ndiyo iliyomletea Milgram umaarufu, lakini yenye mafunzo zaidi kwa msomaji wa Nachingwea ni marudio aliyofanya baadaye, kila mara akibadili jambo moja. Mwanafunzi alipokaa chumba kimoja na mshiriki, waliotii hadi mwisho walishuka hadi asilimia 40. Msimamizi alipoondoka na kutoa maagizo kwa simu, wakabaki kama mmoja kati ya watano, na baadhi yao walidanganya kuwa wamepandisha volti. Wenzake wawili walipogoma mbele ya mshiriki, ni wanne tu kati ya 40 waliofika mwisho. Na pale mshiriki alipopewa kazi ndogo ya pembeni huku mtu mwingine akibonyeza swichi, 37 kati ya 40 waliendelea mpaka tamati. Akida hakulima na jumbe hakutunga kodi. Askari hakupanga idadi ya viboko, na karani aliandika tu. Kila mmoja katika mnyororo ule alishika kipande kidogo cha kazi, akalala usingizi.

Mwishoni mwa Julai 1905 wenzao wawili wakagoma, kwa maana ya Milgram. Huko Nandete, Umatumbini, watu waling'oa mashina ya pamba, habari ikasafiri, na vita ya Majimaji ikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kueneza dawa ya maji, ambayo wafuasi wake waliamini itageuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti, na haikusaidia kitu, kwa sababu wajumbe walioitwa hongo walikuwa tayari njiani na vibuyu vyao. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake wanne waliuawa upande wa Liwale. Boma la Liwale likateketea. Wamwera nao wakanyanyuka, wakiwa na viongozi kama Selemani Mamba, na kabla Agosti haijaisha misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilikuwa zimechomwa, na Sista Walburga Diepolder wa Nyangao amepoteza maisha.

Maji yalifanya kile ambacho hakuna mkubwa wa kusini aliyewahi kukiweza: yalimpa kila mtu hakika kwamba jirani yake naye atakataa. Lakini yalikuwa amri pia, na hili husahaulika kwenye sherehe za kumbukumbu. Hongo alikuja na masharti, na kijiji kilichokataa kunywa kilihesabika adui. Nakaam, mkubwa wa Wayao wa Chiwata, aliyakataa na kubaki upande wa Wajerumani. Kumwita msaliti ni rahisi. Kwa wakati ule alikuwa mtu mmoja aliyezungukwa na kundi lililokubaliana, akasimama peke yake. Ushujaa na ukaidi wake vilimfaidia mtawala, na historia haina wajibu wa kutuchagulia mashujaa walio safi.

Adhabu ilikuwa njaa. Maofisa wa Kijerumani waliandika wazi kwamba risasi peke yake haitatosha, wakachoma maghala na mashamba. Takwimu rasmi za Wajerumani zilitaja vifo 75,000, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Vijiji vingi vya Ungindo havikurudi tena kuwa vijiji.

Miaka kumi baadaye vita ya wengine, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikapita juu ya mabaki hayo. Narungombe, leo ndani ya Wilaya ya Ruangwa, palipiganwa tarehe 19 Julai 1917. Ruponda, leo ndani ya Nachingwea, palikuwa na ghala la chakula la jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, na Waingereza wakapateka Oktoba mwaka huohuo, siku chache kabla ya mapigano makubwa ya Mahiwa. Majeshi yote mawili yaliishi kwa chakula cha mwanakijiji na kusafiri kwa mabega yake.

Utii wa watu wasiosoma hupewa majina mabaya. Utii wa wasomi huitwa utumishi. Nachingwea ina mfano mzuri. Mwaka 1946 tume iliyoongozwa na John Wakefield ilipendekeza kwa serikali ya Uingereza kulimwe karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. London ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula na Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa na haraka. Kule Kongwa, ambako mradi ulianzia, lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikuja, na matrekta yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya vita yalikufa moja baada ya jingine. Watu waliokuwa shambani waliyaona hayo. Alan Wood, aliyekuwa mhusika wa habari wa shirika lililoendesha mradi, aliyaandika katika kitabu mwaka 1950, lakini wakati ripoti zinapanda ngazi kuelekea London matumaini yalikuwa yanaongezeka kila ngazi.

Nachingwea ilipata udongo afadhali kuliko Kongwa, ikapata mji, uwanja wa ndege na reli iliyokuja kutoka ghuba ya Lindi na baadaye bandari mpya ya Mtwara. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kutafuna pauni milioni 36 hivi. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wenyeji wanalima karanga mpaka leo, kwa jembe, zinawakubali.

Wakati matrekta yanang'oa miombo upande mmoja, upande wa pili watu ndio walikuwa wanang'olewa. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilitumia ugonjwa wa malale kuwahamisha maelfu ya Wangindo wa Liwale kutoka kwenye ardhi yao na kuwakusanya katika makazi yaliyopangwa. Ardhi waliyoiacha iliongezwa kwenye pori la Selous, jambo ambalo C.J.P. Ionides, bwana nyama wa Liwale aliyejulikana zaidi kwa kukamata nyoka, alilipigania kwa miaka. Malale ilikuwepo kweli. Tembo pia walikuwepo, na baada ya zoezi kumalizika ni wao walioachiwa nchi. Amri yenye sababu ya afya ni ngumu kuikataa: anayekuhamisha amevaa koti la daktari, na Milgram angeelewa kwa nini koti lina uzito.

Septemba 25, 1964, FRELIMO ilianza vita ya kuikomboa Msumbiji, na watu wakaanza kuvuka Ruvuma kuja Tanzania. Wengi hawakusubiri kuandikishwa. Walifika kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa upande huu, wakataja koo zao, wakaonyeshwa pa kulima. Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walianzisha makazi rasmi: Rutamba karibu na Lindi, mengine upande wa Songea, na Matekwe hapa hapa Nachingwea, jirani na Kilimarondo. Msaada uliopitia makazi una takwimu na ripoti. Ule uliopitia kwa shangazi wa ukoo hauna, na kwa kusoma nyaraka tu mtu angedhani haukutolewa.

Mji wa Nachingwea ukawa makao ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO kuanzia 1965, katika eneo ambalo wenyeji wanaliita Farm Seventeen. Samora Machel aliishi na kufundisha hapo. Ni sura ambayo Nachingwea inajivunia, na ina haki. Lakini katika miezi ya mwisho kabla ya uhuru wa Juni 1975, kambi hiyohiyo ilishuhudia jambo jingine. Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, na wapinzani wengine waliletwa mbele ya umati wa wapiganaji, na mwezi Mei Simango akasoma ungamo refu la usaliti wake mwenyewe. Baadaye yeye na wenzake kadhaa waliuawa nchini Msumbiji bila mahakama. Vijana waliopigana dhidi ya amri za Mreno walisimama mistarini wakisikiliza. Nani kati yao angethubutu kutoka mstarini?

Watafiti wa siku hizi, kama Alexander Haslam na Stephen Reicher, wamemsahihisha Milgram katika jambo moja muhimu. Kwa maoni yao, watu wale wa Yale hawakutii kama mashine. Waliendelea kwa sababu waliamini wanaisaidia sayansi, na msimamizi alipoacha kubembeleza na kuanza kuamuru moja kwa moja, ndipo walipokaidi. Gina Perry, aliyepekua kanda za sauti za majaribio, ameonyesha pia kuwa msimamizi mara nyingi alitoka nje ya maandishi aliyopewa ili kuwasukuma washiriki. Masahihisho haya yanasaidia sana kuielewa Operesheni Vijiji, zoezi la miaka ya 1970 la kuwahamishia wananchi vijijini, kwa kuwa waliotekeleza operesheni hiyo wengi wao waliamini.

Walikuwa na la kuamini. Kule Ruvuma, kuanzia Litowa, wakulima walikuwa wameonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba watu wanaweza kuishi pamoja, kulima pamoja na kujisomeshea watoto kwa hiari yao. Umoja wao, Ruvuma Development Association, ulivunjwa na chama tawala, TANU, Septemba 1969. Kisha jambo la hiari likageuka ratiba. Mkutano mkuu wa TANU wa mwaka 1973 uliazimia wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji kabla ya mwisho wa 1976, na tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sasa kuishi vijijini ni amri.

Kusini ilikuwa imetangulia. Vita ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa sababu ya kuwakusanya watu pamoja, na Mtwara na Lindi zilihesabika kati ya mikoa ya mbele katika vijiji vya ujamaa. Tazama jinsi amri ilivyoshuka: kutoka Dar es Salaam hadi mkoani, wilayani, kwa katibu kata, kwa mwenyekiti, hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi hakuwa akida. Alikuwa jirani, pengine mtani, na watoto wake walicheza na wa huyo anayetakiwa kuhama. Kwa mujibu wa Milgram, ukaribu huo ungetakiwa kulegeza mkono, na mara nyingine ulilegeza: balozi aliangalia pembeni mtu aliporudi usiku kwenye mihogo yake. Ndiyo maana pale ambapo maneno ya balozi hayakutosha, viliitwa vyombo kutoka nje. Malori yalikuja na mgambo wasiomjua mtu. Katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilichomwa au kubomolewa ili wenyewe wasirudi.

Mwaka 1973 huohuo Darley na mwenzake Daniel Batson walichapisha jaribio jingine. Waliwatuma wanafunzi wa seminari ya Princeton kwenda jengo la pili kutoa hotuba, wengine wakiandaa hotuba kuhusu Msamaria Mwema, na njiani wakamweka mtu ameanguka mlangoni akikohoa. Walioambiwa wana muda walisimama kumsaidia mara 63 kati ya 100. Walioambiwa wamechelewa walisimama mara 10. Kuifikiria kwao habari ya Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Tanzania ya wakati ule ilijivunia kukimbia wakati wengine wanatembea, na maofisa waliokuwa na ratiba mkononi waliwapita wazee na wajawazito, huku wakihubiri udugu, kwa dhati.

Hasara ya operesheni inaweza kupimwa kwa tani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000, nyingi kutoka kusini. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiriunga vina sehemu yao ya lawama, lakini mkulima aliyehamishiwa mbali na mikorosho yake hakuweza kuipalilia wala kuilinda na moto. Baadhi walijibu kwa njia ya zamani: miguu. Amri ilipolegea, vibanda vilianza kuota tena mashambani, kimoja kimoja.

Kitu kimoja operesheni haikukivuruga, na pengine ilikikuza bila kukusudia. Watu wa makabila na koo mbalimbali walipopangwa kwenye mstari mmoja wa nyumba, kila mmoja alijikuta na watani wengi kuliko mwanzo. Miaka ya 1990 Robert Levine na wenzake walipima utayari wa kumsaidia mgeni katika miji mikubwa 23 ya dunia, kwa vitu vidogo kama kalamu iliyoanguka au kipofu anayevuka barabara. Lilongwe, mji wa majirani zetu wa Malawi, ulikuwa kati ya mitatu ya juu, na New York karibu na mwisho. Waliofurahia matokeo hayo walisema Waafrika ni watu wakarimu kwa asili. Historia ya Nachingwea haikubaliani na lugha hiyo ya asili. Hapa ukarimu una mpangilio na wahusika wake, na una adhabu kwa anayeukwepa. Mahali wahusika hawakutajwa, kama kwenye ajali ya bodaboda barabarani, watu wa Nachingwea nao husimama wakitazamana kama wa New York.

Ushahidi wa mdomo wa Majimaji tulio nao leo ulipatikana kwa sababu mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokuwa hai mwaka 1905. Miaka 63 ilikuwa imepita. Tangu tangazo la Novemba 1973 imekwisha kupita zaidi ya 50, na kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 lori lilipofika sasa amevuka 70. Kuna mabalozi wastaafu, madereva wa malori hayo na waliokuwa mgambo ambao bado wanaweza kueleza waliambiwa nini, nani alikataa, na jirani gani alificha vyombo vya nani. Wanachuo wa Chuo cha Ualimu Nachingwea na walimu wa historia wa Ruangwa hawahitaji mfadhili kuifanya kazi hiyo. Simu za mfukoni zinarekodi. Waanzie Kilimarondo, na waanze msimu huu, kabla watani hawajaitwa kwa hao wanaotakiwa kuhojiwa.